Kinga Isiyokata

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa woga. Ila wenyewe wana desturi ya kumtafuta kila anayewataja ili wamshukuru, na shukrani zao huchukua kati ya miaka saba na kumi.

Katika nchi hiyo umeme haukatiki. Zamani ulikuwa ukikatika, tena kwa fujo, mpaka Jumanne moja Bunge lilipopitisha Sheria ya Kutokatika kwa Umeme. Muswada ulisomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya chai ya saa nne, na haukupata mpinzani hata mmoja, kwa kuwa wabunge wa upinzani wote kumi na wanne walikuwa wamekwama ndani ya lifti, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu. Walitolewa Jumatano. Wakaelezwa kwa upole kwamba kwa mujibu wa sheria mpya hawakuwa wamekwama, walikuwa wamechelewa kazini, na kila mmoja akapewa barua ya onyo.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mepesi. Taa zikizimika mji mzima, ni wananchi waliofumba macho. Mshumaa ukahesabiwa kuwa uvumi, na mtu aliyekutwa na kibatari aliulizwa anamtilia nani shaka. Kila kata ikapewa ubao mkubwa wa kusimikwa mbele ya ofisi, umeandikwa SIKU BILA KUKATIKA, na chini yake nafasi ya tarakimu nne, maana serikali ilikuwa na matumaini. Katika Kata ya Mabatini ubao ule uliangaliwa na Katibu Kata, Bwana Mchopa, ambaye kila asubuhi alifuta tarakimu ya jana kwa kitambaa safi na kuandika ya leo, huku amevaa tai. Siku ambayo umeme haukuwepo tangu juzi yake, aliandika vilevile, ila kwa chaki nene zaidi.

Huko Mabatini ndiko alikokaa Fundi Mwatumu Kondo.

Mwatumu alikuwa fundi umeme kwa miaka ishirini na mitano, na ufundi wenyewe hakuuchagua, ulimchagua. Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa msaga unga. Siku moja ya mvua mzee alishika mlango wa chuma wa mashine ya kusaga, asiuachie tena. Mwenye mashine alikuwa amechoshwa na fyuzi iliyoungua kila wiki. Akaitoa, akachomeka msumari wa inchi tatu mahali pake. Msumari hauungui. Ulipitisha umeme uliotakiwa na usiotakiwa, mpaka mtu mmoja akapata akili ya kuuchomoa waya kwa mti mkavu, na kwa wakati huo Mzee Kondo alikuwa ameshakwenda. Mwatumu alikuwa na miaka kumi na sita. Badru, mdogo wake, alikuwa na saba. Wote wawili waliuona msumari ule ulipotolewa, umekuwa mweusi, mzima kabisa.

Basi Mwatumu akajifunza umeme kwa hasira. Akafunga breka, swichi inayojikata yenyewe umeme ukikosea njia, katika kila nyumba iliyomruhusu, na iliyokataa aliirudia mpaka ikamruhusu. Aliwafundisha majirani zake neno moja: "Breka ikikata usiitukane. Iulize imeona nini." Nao walijifunza. Mabatini breka ikikata, mama wa nyumba hakuanza kulaani. Alizunguka akikagua birika, pasi na paa linalovuja, kama anayetafuta nyoka aliyeonwa na mtoto. Kwa kazi hiyo hiyo ya nyaya Mwatumu alimlea Badru, akamvisha, akamsomesha shule zote zilizokuwepo na nyingine mbili zilizokuwa ng'ambo. Hakuolewa. Alikuwa akisema ataolewa Badru akimaliza kusoma, na Badru alikuwa msomaji.

Sasa Badru alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Badrudini Kondo, Waziri wa Nuru Isiyokoma.

Mheshimiwa hakuwa amekaa mwezi mmoja katika kiti chake alipoletewa taarifa ya kusikitisha. Ingawa umeme wa taifa haukatiki, nyumba za watu ziliendelea kuwa giza, moja leo, nyingine kesho. Uchunguzi ukafanywa na mkosaji akapatikana. Waziri alimtangaza katika ukumbi wa taifa, mbele ya mabalozi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefanya utafiti wa kina na nimeumia. Ndani ya kila nyumba, ukutani, nyuma ya mlango, mna kisanduku. Ndani ya kisanduku mna kidude. Kidude hicho kina uwezo wa kuzima umeme wa taifa saa yoyote, bila barua, bila kikao, bila kupitia kwa mtendaji. Mimi waziri sina mamlaka hayo. Nauliza: kidude hiki kiliteuliwa na nani? Kiliapishwa lini?"

Makofi yakapigwa kwa dakika nne. Fundi mitambo naye akaongeza sauti ya spika kwa furaha, na breka ya ukumbi ikakata. Waziri akaimalizia hotuba gizani, bila kuona giza lolote.

Hatua ya kwanza iliyochukuliwa ilikuwa ya kibinadamu. Serikali iliajiri washikizi. Mshikizi alikuwa mtumishi wa umma mwenye kazi ya kusimama mbele ya breka ya nyumba aliyopangiwa na kuushikilia ulimi wake wa kuwashia na kuzimia kwa kidole gumba usishuke. Nyumba ya Mwatumu ilipangiwa bwana mmoja mwenye diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Alishikilia mpaka kidole kikafa ganzi, akaomba likizo, akanyimwa kwa hoja kwamba umeme hauendi likizo.

"Bwana, unajichosha," Mwatumu alimwambia akimpa chai. "Breka nzuri hukata kwa ndani hata ukiishikilia. Ulimi utabaki juu, lakini umeme utakuwa umeshaondoka."

"Mimi nimeambiwa ulimi, mama," alijibu mshikizi. "Mambo ya ndani hayamo kwenye mkataba wangu."

Washikizi walipoondolewa baada ya miezi miwili, ripoti ilisema breka ni chombo kikaidi, chenye kuonyesha utii kwa nje na uasi kwa ndani. Ndipo Waziri alipomtumia dada yake gari.

Ofisini Badru hakuketi nyuma ya meza. Alikaa naye kwenye kochi, akammiminia chai mwenyewe, akaweka sukari vijiko vitatu kama Mwatumu alivyopenda. Alikuwa amenenepa mashavu, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Dada," alisema, "wananiandama. Kule juu wanataka breka zote zing'olewe, watu wabaki na waya mtupu. Mimi na wewe tunajua waya mtupu ulifanya nini. Nisaidie. Nitengenezee kifaa kitakacholinda watu na kisiniaibishe mbele ya wakubwa."

Mwatumu hakulala wiki mbili kwa furaha. Alichora, akafuta, akachora. Kosa la nyumba nyingi, aliona, ni kwamba breka moja imebeba kila kitu, hivyo pasi ikiharibika nyumba nzima inazimika. Akaigawa nyumba katika njia tano, kila njia na breka yake. Akaongeza kifaa cha sita, kile kinachohisi umeme unaovuja kupitia mwili wa mtu na kukata kabla moyo haujashtuka. Halafu, kwa ajili ya wakubwa, akaipa taa ya barazani njia moja kati ya hizo tano, peke yake, kwa kuwa wakaguzi wa serikali huhesabu nyumba zenye mwanga wakiwa garini na hawajawahi kushuka. Kwa hesabu hiyo mtu angepona na nyumba isingehesabika kuwa imekatika. Alitengeneza kimoja kwa mkono wake, akakijaribu mara mia mbili, akampelekea mdogo wake kimefungwa ndani ya khanga.

Badru alikishika mikononi, akalia. Yalikuwa machozi ya kweli. Mwatumu aliyafuta kwa upindo wa khanga ile ile.

"Kingekuwepo hiki," alisema Badru, "baba angekuwa hai."

Baada ya miezi mitatu malori yakaja Mabatini na Kinga ya Taifa. Ilikuwa kisanduku kizuri, kizito, chenye taa ndogo ya kijani na lakiri ya risasi, na juu ya kifuniko picha ya Fundi Mwatumu akicheka, testa mkononi, jina lake chini, na maneno: NIMEIPIMA MWENYEWE. Picha hiyo hakuombwa, lakini alipoiona aliona haya na raha kwa pamoja. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kila nyumba irudishe breka zake za zamani. Pili, lakiri isifunguliwe na mtu yeyote, awe fundi asiwe fundi, kwa kuwa usalama wa nyumba ni sehemu ya usalama wa taifa, na usalama wa taifa haufunguliwi.

Watu wa Mabatini hawakuipokea mara moja. Serikali ilishawahi kuwaletea vyandarua vyenye madirisha. Walimtazama Mwatumu, naye akapita nyumba kwa nyumba na begi lake la kazi, akieleza. Alipoeleza, walikubali, wakaleta breka zao katika magunia. Nyumba mia tatu na ishirini. Iliyobaki ilikuwa ya Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa muuza barafu, jirani wa ukuta kwa ukuta na Mwatumu, mkubwa kwake kwa miaka kumi. Mwatumu alipofiwa na baba, ni Siwema aliyempikia siku arobaini.

"Mwenzangu," alisema Bi Siwema akiwa amesimama mbele ya friza lake, mikono kiunoni, "friza hili unalijua. Mlango umeoza, maji yanatiririka sakafuni, na mimi natembea miguu mitupu. Kidude chako cha zamani kimeniokoa mara tatu. Hiki cha mdogo wako sikijui."

"Si cha Badru, dada. Ni changu. Nimekichora mimi, nimekipima mimi."

"Umekipima hiki hiki?"

Mwatumu alikigeuza kile kisanduku mikononi. Lakiri iling'aa. "Nimempima mwenzake," alisema.

"Mwenzake si yeye."

"Dada Siwema, mimi nitakudanganya wewe? Naapa kwa kaburi la baba, kinga hii ni salama."

Sasa Mabatini wana mila moja. Mtu akikuapia kwa kaburi la mzazi wake, hulazimiki kumwamini, lakini huna ruhusa ya kumuuliza tena. Ukiuliza, umemtukana marehemu. Bi Siwema akaivuta breka yake ya zamani kutoka ukutani, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaiweka kwenye gunia.

Siku zikaenda na ubao wa Bwana Mchopa, ulioanzishwa upya siku Kinga zilipofungwa, ukanona. Siku thelathini bila kukatika. Sabini. Mia moja. Ilipofika mia moja kata ilipewa zawadi, nayo ilikuwa ubao mkubwa zaidi. Mwatumu alialikwa kukata utepe, akashangiliwa, na Bwana Mchopa akasoma shairi alilolitunga mwenyewe ambalo beti zake zote ziliishia kwa neno "nuru".

Lakini usiku wa sherehe hiyo mvua ilinyesha, na Mwatumu alilala akisikiliza. Paa za Mabatini zinavuja. Kila masika breka za mtaa ule zilikata kwa zamu, nyumba hii, kisha ile, na asubuhi watu walimgongea mlango. Mwaka huu hakuna aliyegonga. Aliwaza kuhusu siku mia moja na akaanza kuona baridi. Nyumba mia tatu na ishirini na moja, masika nzima, na hakuna kinga hata moja iliyoona kitu.

Kulipokucha alikata kipande cha waya, akavaa glovu na viatu vya mpira, akaunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kinga yake ilitakiwa ikate kabla ya kope kushuka. Haikukata. Waya ukawa mwekundu, plastiki ikachuruzika ukutani, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka kwa utulivu mkubwa. Mwatumu akakimbilia nguzoni, akachomoa umeme wa nyumba nzima. Taa ya kijani ikaendelea kuwaka.

Akavunja lakiri.

Ndani ya Kinga ya Taifa mlikuwa na betri mbili ndogo zilizoiwasha ile taa ya kijani, iwe umeme upo au haupo. Mlikuwa na bonge la saruji, kwa ajili ya uzito. Na baina ya waya unaoingia na waya unaotoka palikuwa na msumari wa inchi tatu, mpya, wenye nembo ya taifa kichwani.

Alikaa chini sakafuni. Na hapa ndipo Mwatumu alipofanya kosa ambalo mimi, ninayesimulia, sina ubavu wa kumlaumu kwalo, ingawa wengine walimlaumu. Hakuenda kwanza kwa majirani. Aliwaza: mtoto wa watu ametapeliwa. Wakandarasi wamemfanyia hivi Badru, wamempaka tope, na yeye hajui. Ni lazima aambiwe kabla mtu mwingine hajajua, asije akafedheheka. Akautia ule msumari mkobani, akapanda basi la kwenda mji mkuu. Huko alisubiri siku mbili mapokezi, maana waziri alikuwa ziarani akizindua nguzo. Siku ya tatu akaelekezwa nyumbani kwake.

Badru alimpokea kwa mikono miwili, akiwa amevaa kanzu ya nyumbani. Mwatumu hakungoja hata kuketi. Aliutoa msumari akauweka juu ya meza ya kioo.

"Badru, wamekuibia. Wamekuletea hivi."

Badru aliutazama kwa muda mfupi, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani ambayo hakutoka vizuri.

"Umevunja lakiri, dada," alisema.

"Nimesema wamekuibia."

"Hakuna aliyeniibia. Keti, upate chai."

Hakuketi. Alitazama pembeni kwa kuwa hakutaka kuutazama uso ule, na ukutani, karibu na mlango wa jikoni, akakiona kifaa chake. Kile kile alichokitengeneza kwa mkono, kilichosafiri ndani ya khanga, chenye njia zake tano na kifaa cha sita. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa skrubu za shaba.

"Kazi nzuri mno, dada," alisema Badru, na alisema kwa moyo wake wote. "Jana kimekata mara mbili. Mtoto alimwaga juisi kwenye redio. Mama yake hadi leo anakuombea dua."

"Na breka zetu? Magunia ya Mabatini?"

"Zipo kwenye nyumba za wakubwa wenzangu. Walikuwa na shida, na zako zilikuwa nzuri."

"Wewe uliuona msumari wa baba," alisema Mwatumu. "Ulikuwa umenishika mkono."

"Niliuona. Kwa hiyo nyumbani kwangu haumo." Badru alishusha pumzi, akamshika bega. "Dada, kifaa cha kweli kinakata. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo taabu yake. Mimi nimepewa nchi isiyokatika. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nisingeandika jina lako juu yake."

"Jina langu?" Badru alicheka kidogo, bila ubaya. "Wangekuwa wananiamini mimi, dada, nisingekusumbua wewe."

Mwatumu aliuchukua msumari wake akatoka. Ndani ya basi hakulia. Alikuwa akihesabu nyumba, ataanza na ipi. Ataanza na ya Siwema, kwa ajili ya ile sakafu ya maji. Basi lilipoingia Mabatini saa tisa mchana aliwaona watu wamejaa mbele ya nyumba ya Siwema, na kabla hajashuka alikwisha kujua.

Bi Siwema alikuwa amefungua friza ili amtolee mteja barafu. Alikuwa miguu mitupu. Mteja alisema alimwona ameshika mpini, hasemi, na taa ya kijani ukutani inawaka, kwa hiyo akadhani mama anafikiri.

Tume iliundwa siku hiyo hiyo, ikakaa kwa saa moja na nusu, ikaandika ripoti ambayo Bwana Mchopa aliisoma makaburini kwa sauti ya kanisani. Ilisema: "Tume imeikagua Kinga ya marehemu kwa kuitazama, na imeridhika kuwa ilifanya kazi yake kwa ufanisi wa hali ya juu. Katika muda wote wa tukio umeme haukukatika hata kwa sekunde moja. Marehemu ameondoka katika mwanga."

Waziri alikuja na msafara. Alizungumza vizuri, alimkumbuka Siwema kwa jina, akakumbuka barafu yake ya ukwaju aliyokuwa akila akitoka shule. Kisha akasema, "Dada yangu, mnayemwamini nyote, atatoa neno."

Mwatumu alisimama. Alikuwa amekuja na Kinga yake. Hakutoa neno, aliifungua mbele yao, akatoa betri, akatoa saruji, akauinua msumari juu watu wote wauone.

"Nilimwapia marehemu," alisema. "Nilimwapia kitu nisichokijua. Hivi ndivyo vilivyomo majumbani mwenu. Mdogo wangu anajua. Kwake havimo."

Badru alimsogelea, akamkumbatia, akageukia watu na macho yaliyojaa maji.

"Dada ana uchungu," alisema. "Msimshangae. Yeye ni fundi, na fundi hakosi msumari mfukoni."

Watu walimtazama waziri, wakamtazama Mwatumu, wakautazama msumari. Walifukia kaburi, wakaenda makwao, na kila mmoja alipofika kwake alichukua bisibisi, au kisu, au meno. Kulipopambazuka kinga zote za Mabatini zilikuwa zimetupwa mbele ya ofisi ya kata, rundo refu kuliko ubao, taa za kijani zikiwaka bila waya wowote. Juu ya kila kifuniko Mwatumu alikuwa akicheka. Bwana Mchopa alizunguka lile rundo mara mbili, akatafuta chaki, akaandika 106.

Mwatumu alishtakiwa kwa kuvunja lakiri. Alilisubiri gereza karibu kwa hamu. Lakini wiki ya pili kesi ikafutwa, na badala yake ikaja bahasha yenye Nishani ya Nuru, Daraja la Pili, kwa mchango wake katika usalama wa majumbani, iliyotiwa saini na waziri. Redio ilitangaza jina lake mara tatu, saa ya taarifa ya habari, nchi nzima ikisikia. Hapo ndipo Mabatini walipopata uhakika kwamba ndugu wale wawili walikuwa pamoja tangu mwanzo, na kwamba yale ya makaburini yalikuwa ugomvi wa kugawana.

Hawakumtukana. Ingekuwa afadhali. Waliendelea kumwamkia, naye akaitika, lakini hakuna aliyemgongea mlango. Begi la kazi lilikaa pale pale nyuma ya kiti. Alikwenda nyumba kwa nyumba kama alivyofanya mwanzo, akiwaomba wamruhusu awafungie breka mpya, bure, na kila nyumba ilimkaribisha, ikampa kiti na maji ya kunywa, ikamwambia kuwa baba mwenye nyumba hayupo.

Mwezi uliofuata alisikia vishindo vya nyundo ukuta wa pili. Akatoka. Nyumbani kwa marehemu Siwema alikuwepo Fundi Kongoli wa kata ya jirani, mtu ambaye kila fundi alijua kuwa hajawahi kumaliza kazi akiwa hajalewa, na ambaye kwa macho ya Mwatumu hakustahili hata kubadili balbu. Alikuwa juu ya ngazi, na chini yake walisimama watu wapatao kumi na watano wa mtaa ule, wamemzunguka. Salha, binti wa Siwema, alikuwa mbele ameshika taa ya tochi, akimmulikia kila waya anaougusa. Kongoli alikuwa amelowa jasho.

Mwatumu alitazama kwa dakika moja tu. Mikono ikamwasha.

"Salha, mwanangu," alisema, "waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, anaufunga sipo. Akiuacha hivyo, friza likivuja hakuna kitakachokata. Msimamishe. Nipe mimi, nitaufunga."

Salha aliinua mkono, Kongoli akasimama. Watu wote kumi na watano wakaukodolea macho ule waya. Mzee mmoja akamwambia Kongoli aufungue, aufunge tena, polepole, huku akieleza kila anachofanya na kwa nini. Kongoli akaufungua, akaanza kueleza, akajikanyaga, akaanza upya, na mara hii akaufunga mahali pake.

"Hapo sawa, mama mdogo?" Salha aliuliza.

"Sawa," alisema Mwatumu. "Lakini huyo si wa kuaminiwa, mwanangu. Mimi niko hapa hapa, ukuta wa pili. Kwa nini mmemwita yeye?"

Salha alimjibu kwa heshima, kama mama yake alivyomlea, bila kuuondoa mwanga wa tochi juu ya mikono ya Kongoli.

"Ndiyo hiyo sababu, mama mdogo. Huyu hatumwamini, kwa hiyo tunamwangalia."